Tulivyokausha Nyumba ya Baba

Kitu cha kwanza alichofanya baba yangu tuliporudi kuiangalia nyumba baada ya mafuriko ni kuvua viatu. Alikaa juu ya jiwe, akafungua kamba taratibu, akavigonganisha kutoa vumbi ambalo halikuwepo, kisha akanikabidhi nivishike. Nilimuuliza anafanya nini. "Tope litaviharibu," alinijibu, akakunja suruali na kuingia pekupeku kwenye uwanja uliojaa misumari, vipande vya chupa, bati za watu na uchafu ambao kwa heshima ya msomaji sitautaja, maana choo chetu na vyoo vya majirani wote wa juu vilikuwa vimepita hapo hapo. Mimi nikabaki barabarani na viatu mkononi. Viatu vilikuwa salama salimini.

Nyumba yenyewe ilikuwa bondeni, nje kidogo ya Sumbawanga, upande wa kwenda Kaengesa, hatua chache kutoka kwenye kijito ambacho kwa miezi mingi ya mwaka bata hukivuka bila kulowa tumbo. Baba aliijenga enzi za ruksa, mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu na yeye akapunguzwa, na kila aliyepunguzwa akaambiwa biashara sasa iko wazi, akajitafutie. Akajitafutia bondeni. Nilimwambia, nikiwa bado msichana wa chuo cha ualimu, kwamba majani kuwa mabichi katikati ya kiangazi kuna maana yake. Akanijibu kwamba maana yake ni bustani. Mbele akaweka duka la sabuni, unga, mafuta ya taa na mitumba. Nyuma akajenga vyumba vitatu kwa matofali mabichi, bati juu, na katika chumba chao cha kulala akapigilia dari ya mbao na kuweka madirisha ya mbao yanayobana sawasawa. Dari ile ilimpa kichwa. Mgeni alikuwa anakaribishwa chai, halafu anakaribishwa kuona dari.

Kijito kilikuja mchana, mvua ikiwa imekatika kwetu lakini inaendelea kunyesha huko juu. Baba alikuwa mjini kufuata bidhaa. Mama alikuwa peke yake. Alipanda juu ya kitanda, kitanda kikaanza kuelea, akahamia juu ya meza, na pale alisimama maji yakiwa kifuani mpaka jirani yetu Msukuma na ndugu zake walipomfikia kwa kamba. Hawa Wasukuma walikuwa wamehamia na ng'ombe wao miaka michache nyuma, wakajenga kule juu kwenye kamwinuko. Baba alizoea kuviita vibanda. Vibanda havikuguswa hata na tone.

Mama hakufa kwa maji. Siku ya tatu ndiyo alishikwa kichomi, akalazwa, akapumua kwa shida hadi nikaanza kuhesabu pumzi zake bila kutaka. Alipopata nafuu daktari alituita mimi na baba pembeni. "Kifua cha huyu mama kimepata pigo kubwa," alisema. "Asilale penye unyevu. Akishikwa na kichomi kingine, mimi siwaahidi kitu." Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na tulipofika nje ya geti akaniuliza kama nadhani kesho jua litawaka, ili mama yako arudi kwake.

Hapo ndipo nilipoanza kuchoka, na sikupumzika kwa wiki tatu. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, mama asirudi kwenye unyevu. Nyumba ingeanguka, duka lingekwenda, sawa, lakini mama yangu asife kwa sababu ya nyumba ya baba. Niliwachukua wote wawili kwangu, kwenye nyumba ya walimu yenye vyumba viwili, nikawapa kitanda mimi nikalala mkekani. Mchana nilikuwa nafundisha darasa la nne na jioni nafundisha wazazi. Darasa la nne lilikuwa na akili zaidi.

Bwana afya alipita shuleni kwetu, kwa sababu baadhi ya familia zilizokimbia maji zilikuwa zimelala madarasani, akatueleza namna ya kurudi majumbani. Nilichukua daftari nikaandika kila neno. Usiingie kabla ukuta haujakaguliwa. Usitembee pekupeku. Usile kilichoguswa na maji. Chemsha maji ya kunywa. Angalia nyoka kwenye nguo na magunia. Usikanyage karibu na shimo la choo lililobomoka. Mengine niliyaongeza mwenyewe kwa kuwa nawajua watu wangu. Nikawasomea wazazi wangu jioni ile, kwa sauti, mara mbili. Mama alisinzia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri sana, mwalimu," na kesho yake ndiyo akavua viatu.

Kukagua ukuta, kwa baba, kulikuwa ni kuugonga kwa fimbo huku ameinamisha sikio, kama daktari anayesikiliza mgongo wa mgonjwa. Aligonga ukuta wa jikoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Imara." Nilimwambia tofali bichi halianguki maji yakiwepo, linasubiri jua lilikaushe upande mmoja ndipo lipasuke. Nilimwambia aweke miti ya kuegemeza. Akasema nimeanza kuwafundisha mafundi kujenga. Siku ya nne tangu tuanze kurudi bondeni jua lilitoka, jua zuri la Ufipa lenye upepo wa baridi, na baba akakaa chini ya ukuta ule ule kunywa uji, akautoa mgongo wake pale, akaenda dukani, na haikupita nusu saa ukuta ukalala chini wote kwa mpigo mmoja. Kikombe chake kilikuwa bado pale. Nilimgeukia nikingoja kusikia atasema nini, na akasema, "Ule ukuta tangu mwanzo sikuupenda."

Jirani Msukuma ndiye aliyeleta miti. Alikuja na wanawe wakubwa, wakaegemeza kuta zilizobaki, wakanywa chai, wakaondoka. Mke wake alikuwa anamletea mama maziwa kila siku mbili hadi kule kwangu, kwa miguu, chupa imefungwa kwenye kanga, na kila akifika anasimama mlangoni anaangalia namna ninavyofoka. Siku moja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe utapata presha kabla ya mama yako kupona." Nikamwambia presha tayari ninayo, jina lake ni baba.

Mama naye msidhani alikuwa malaika. Nilimwomba jambo moja, achemshe maji ya kunywa, kwa sababu kisima chao kilikuwa kimefunikwa na mafuriko na hata pale kwangu watu walikuwa wanachota popote. Akachemsha. Nilimwona kwa macho yangu, maji yanatokota, mvuke unapanda, ameyaepua vizuri. Nikasema angalau mmoja amenielewa. Nilipoomba ya kunywa alinionea huruma kwamba yana moto, akayapoza kwa kata moja ya maji mabichi. Nikamuuliza, mama, umefanya nini. "Nimeyapoza," alisema. "Kwani ulitaka uungue?" Niliweka kikombe chini, nikatoka nje, nikazunguka nyumba ya walimu mara mbili, nikarudi. Mama alikuwa ameyanywa yeye.

Dawa ya maji aliyotupa bwana afya hakuitumia kwa sababu inanuka hospitali. Alifulia. Kuhusu nyoka, baba alimkuta mmoja kweli ndani ya pipa dukani, akamwacha atoke mwenyewe taratibu. Alisema nyoka naye kahamishwa na maji, ana shida zake.

Lakini vita yetu kubwa ilikuwa unga. Gunia la unga likilowa maji hujifunga gamba kwa nje, gumu kama udongo wa kichuguu, na ukilipasua unakuta katikati unga mkavu, mweupe, hauna neno. Baba alikuwa na magunia kadhaa ya namna hiyo. Alilipasua la kwanza mbele yangu akachota kiganja. "Tazama. Ndani pakavu kabisa." Nilimwambia maji yaliyotengeneza lile gamba yametoka chooni. Akasema yaliishia kwenye gamba. Nikamuuliza yeye ameongea na maji yakamwambia yataishia hapo? Basi ikawa hivyo kila siku. Mimi nikiwa shuleni anatandaza unga juani kwenye turubai, nikitoka shuleni naukusanya, nasema nautupa, ananinyang'anya, tunavutana turubai huku na huku watu wa barabarani wakisimama kutazama. Mwanamke mzima na ajira ya serikali.

Chumba cha mama sikumwachia mtu. Hicho nilikishughulikia mimi. Kila Jumamosi na Jumapili baada ya misa nilishuka bondeni na mabuti yangu, nikachimba sakafu yote ya tope, nikaitoa kwa karai, nikajaza udongo mkavu kutoka juu kwa Wasukuma, nikaushindilia. Nilifungua madirisha yale ya kiburi yakae wazi mchana kutwa. Nikatoa godoro nikalichoma moto, mama akalilia. Nikatafuta kitanda cha kamba kipya. Kila nikifika ninaweka kiganja ukutani, nakibonyeza, nanusa. Baba alikuwa anapita mlangoni ananitania. "Mgonjwa anaendeleaje?" Nilimjibu mgonjwa ana unyevu, na kwa maoni yangu hajapona.

Wiki ya tatu mama aligoma. Alisema yeye hajaolewa na mwalimu, ameolewa na yule mzee anayeshinda bondeni, na kuku wake wawili waliopona anawataka. Tulibishana hadi tukapatana kwamba ataenda mchana tu, akaone nyumba, ale chakula na mumewe, jioni nimrudishe kwangu. Siku niliyoichagua, maana uamuzi ulikuwa wangu, kulipambazuka na manyunyu. Mtu asiyekaa Ufipa hudhani Tanzania yote ni joto. Aje atembee kutoka Sumbawanga na manyunyu na ule upepo wa tambarare usoni, halafu tuongee. Nilimfunika mama kwa blanketi juu ya koti langu, na bado alifika anatetemeka midomo, anakohoa.

Alitazama jiko lisilo na ukuta. Aliingia chumbani, akagusa kitanda kipya, akatazama dari. "Dari imebaki," alisema, na nikaona amefurahi. Kisha akasema ajilaze kidogo, miguu imechoka.

Niliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Kwa sababu ya manyunyu yale, unyevu wote niliodhani nimeufukuza ulikuwa umerudi, naweza kusema niliuona ukimpandia mama mgongoni. Maneno ya daktari yakanirudia. Basi nikafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Nilikwenda kwenye kibanda alichosimamisha baba badala ya jiko lililoanguka, ambako alikuwa ameinjika maharage, nikayaepua, nikachukua lile jiko la mkaa likiwa limekolea, jekundu hadi chini, nikaliingiza chumbani nikaliweka karibu na kitanda. Nikafunga madirisha yote mawili. Nikakunja tambara la gunia nikaziba nalo chini ya mlango, kwa sababu upepo ulikuwa unapita pale. Nilifanya kazi safi. Mama alinyoosha mikono juu ya moto, akaniambia ahsante mwanangu.

Tumelelewa na moto chumbani, sisi watu wa tambarare. Kwa bibi yangu mzaa mama tulilala tumezunguka jiko kipindi chote cha baridi, watoto saba na mbuzi mmoja mgonjwa, na asubuhi tuliamka wote pamoja na mbuzi. Lakini nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, na kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na mlango ulikuwa wa matete. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka inavyotaka. Hakuna aliyetuambia kwamba ukipata bati, na dari, na dirisha linalobana, moto ule ule unageuka. Katika daftari langu lile la kanuni, ukurasa mzima na nusu, hakukuwa na neno jiko. Bwana afya hakulisema. Na mimi mjuaji, niliyeongeza ya kwangu, sikuliongeza.

Nilitoka nikiuvuta mlango juu ya lile tambara, nikamkuta baba dukani ametandaza unga. Ndani, mezani, kwa kuwa nje kuna manyunyu. Ameuchekecha kabisa. Nikamwambia, baba, leo leo mama anakuja kula hapa na wewe unatandaza uchafu huo mezani. Akasema ugali wa leo ndio unaotoka hapo, atakula yeye kwanza nimwone kama atakufa. Nilimwambia mkaidi haoni. Akaniambia mimi sijui njaa, nimezaliwa yeye akiwa na mshahara wa shirika. Nikamtajia kila choo kilichobomoka kule juu, kimoja kimoja, na mwenye nacho. Akanitajia kila mwaka wa shida alioishi. Tukapandisha, tukashusha, tukaanza upya. Nitasema ukweli, nilikuwa ninafurahia. Nilikuwa nimemshika, hoja zangu zilikuwa zimepangika, na sikutaka kumwachia. Sijui ni muda gani ulipita. Maharage niliyoyaepua yalikuwa yamepoa.

Mke wa jirani alitokea mlangoni na chupa yake ya maziwa. Alitusalimia, akamwamkia baba shikamoo, akauliza mama yuko wapi, amesikia leo amekuja. Sikugeuka hata kichwa. "Amelala ndani, usimwamshe," nilimwambia, nikaendelea na baba. Yeye akasema basi atamwekea tu pale karibu yanywewe yakiwa na moto. Nilimsikia akisukuma mlango wa chumbani, ukakwama kwenye tambara, akausukuma tena.

Kisha akaita, si kwa kelele, "Mwalimu, mama hasemi."

Nilipoingia joto lilinipiga usoni. Hakukuwa na moshi. Hilo ndilo lililonichanganya, chumba kilikuwa kisafi, moto mzuri, mama amelala ubavu kama nilivyomwacha, uso una wekundu wa afya ambao sikuuona tangu augue. Mdomoni alikuwa ametapika. Yule mwanamke alikuwa tayari amemkamata chini ya kwapa anamvuta, nami nikashika miguu, baba akaja nyuma yetu na mikono myeupe ya unga, na tukamtoa mpaka uwanjani tukamlaza juu ya magunia, manyunyu yanamwangukia. Nilivua sweta nimfunike kifua. Mke wa jirani akanizuia. "Acha apate hewa."

"Atalowa," nikasema. "Hatakiwi kulowa."

"Mwalimu, acha."

Wiki tatu nilizopigana na unyevu, na sasa mama yangu alikuwa amelala kwenye matope yenyewe, mvua inamwingia mdomoni, na mimi nimepiga magoti nikiomba apumue tu, hata maji apumue. Baba alikuwa anamwita kwa jina lake la usichana. Sikuwahi kumsikia akilitumia. Mama alivuta pumzi moja iliyokwama, akatapika tena, akafumbua macho akatazama kila mmoja bila kumjua.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Barabara ilikuwa mbovu na ng'ombe hawana haraka ya mtu. Alianza kuongea tulipokaribia mjini, akilalamika kichwa, na nililia kwa furaha kwamba analalamika. Pale hospitali daktari alikuwa yule yule. Alimpima, akasikiliza kifua, akatuuliza tulikuwa tunafanya nini. Nilisema, "Tulikuwa tunakausha nyumba." Nilisema tulikuwa. Akatuchimba mpaka jiko na madirisha vikatajwa, kisha akauliza, mbele ya wauguzi na wagonjwa waliokaa benchi zima, ni nani hasa aliyeingiza jiko la mkaa kwenye chumba akafunga madirisha na mgonjwa ndani.

"Mimi, daktari," baba alisema. "Kulikuwa na baridi."

Alikuwa amesimama pekupeku, unga umeganda mikononi pamoja na tope. Daktari alimsema kama mtoto wa shule. Alimuuliza kama ana akili timamu, alimwambia mkaa unaua bila harufu, angemkuta mkewe amekauka, alimwambia watu wazima kama yeye ndio wanaomaliza familia zao kwa ujinga. Baba alikuwa anaitikia, ndiyo daktari, ni kweli daktari. Mimi nilifungua mdomo. Mtu ambaye kwa wiki tatu sikukosa neno, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mke wa jirani alinitazama, kisha akatazama sakafu.

Mama alilazwa, na njiani kurudi nilijiambia nitasema tukifika kwenye daraja. Tulifika tukalipita. Baba alitembea mbele yangu, na karibu na nyumba alisema bila kugeuka, "Ule unga kautupe." Nikautupa wote, gunia baada ya gunia, naye hakutoka kunizuia. Sikuwahi kushinda ugomvi kwa uchungu namna ile.

Mama alipona. Kifua kilitulia, akarudi bondeni baada ya mvua kuisha kabisa, na baba akatoboa mwenyewe matundu manne makubwa kwenye ile dari yake, moja kila pembe. Lakini mama hakusahau. Kila msimu wa baridi, kila mgeni, ilikuwa lazima asimulie namna mumewe alivyotaka kumchoma kama muhindi. "Mzee huyu na akili zake za kukausha nyumba." Wageni wanacheka, baba anacheka nao, anasema alikuwa anajaribu kama mke wake ni imara. Mimi niko pale pale, naendelea kula. Miaka ilikwenda hivyo. Baba alizeeka akisemwa kwa kosa langu, akaugua akisemwa, na mama alimtania nalo hata akiwa kitandani siku za mwisho, na yeye akatabasamu. Tukamzika. Nilikuwa na nafasi maelfu.

Msimu wa baridi uliopita nilikuwa nimekaa na mama, mgeni ametoka, hadithi imeshasimuliwa kwa mara nyingine, na marehemu amechekwa tena. Nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia, mama, haikuwa baba. Jiko nililiingiza mimi, na madirisha nilifunga mimi.

Mama aliendelea kuchambua mboga. "Najua," alisema. "Kwani nilikuwa nimelala? Nilikuona unaziba mlango na lile tambara, nikakwambia ahsante."

Nilimuuliza kwa nini basi, miaka yote hiyo, alikuwa anamsema baba. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanapouliza kitu nilichokifundisha jana.

"Baba yako alikuwa anaweza kusemwa," alisema. "Wewe huwezi. Tuliliona hilo mimi na yeye, pale hospitali."

Kisha akanisogezea nusu ya mboga, nimsaidie. Nilichambua mboga mpaka zikaisha.